Ngano Iliyopelekwa Kanisani

Namsifu hakulia kwenye simu. Alisema tu, "Dada Zaina, mama ametangulia. Tunamzika Alhamisi." Nyuma yake nikasikia wanawake wakiinjika sufuria kubwa, ule mkwaruzo wa chuma kwenye jiwe la figa, na kabla sijamjibu nilikuwa nimeshafika Chome, kule milimani. Mwili wangu ulikuwa Dodoma, sebuleni kwangu, lakini kuna jiko moja tu duniani ambalo sauti zake nazijua kiasi hicho. Nilikaa humo mwaka mmoja, nikiwa binti ambaye hajawahi kuishi mahali penye baridi, na katika mwaka huo nilikaribishwa ndani yake, nikatolewa, na sikurudi tena kuketi karibu na moto ule mpaka mwenye jiko alipokuwa kaburini.

Gari lilinipandisha kutoka Makanya, kutoka kwenye vumbi jeupe la jasi na joto linalochoma macho, kona baada ya kona, mpaka ukungu wa mlima Shengena ukatushukia na dereva akawasha taa mchana. Ndivyo nilivyopanda mara ya kwanza pia, nyuma ya Land Rover ya ofisi, nimekumbatia gunia la mbegu za ngano kana kwamba ni mtoto wa mtu. Ofisi yetu ya utafiti ilikuwa Same mjini, vyumba viwili vyenye feni iliyolalamika kutwa nzima. Daktari Mbise, mtafiti aliyekuwa mkubwa wangu wa kazi, alikuwa ameniambia jambo moja kabla sijaondoka, akilisema polepole kama anayempa mtu dawa kali: "Wenyeji wasijue mstari upi ni upi, wala kwa nini. Wakijua, wataupendelea mmoja na kuuonea mwingine, na jaribio litakuwa limekufa." Nikasema sawa. Nilikuwa na cheti kipya cha kilimo na nilisema sawa kwa kila kitu.

Ngano ya milimani ilikuwa inakufa kwa kutu. Ni ugonjwa wa shina. Vidonda vidogo vya rangi ya tofali vinapasuka kwenye bua, ukipitisha kidole kinatoka na unga mwekundu, na suke linabaki na punje zilizosinyaa ambazo hata kuku anazipita. Familia nyingi zilikuwa zimeshaiacha ngano na kurudi kwenye viazi. Daktari alikuwa amechanganya mbegu za aina mbalimbali akitafuta uzao mmoja utakaosimama mbele ya kutu, na ili kuupata ilibidi kutu iwepo. Kwa hiyo tulilizungushia shamba la majaribio mistari ya ngano ya zamani, dhaifu, ambayo tulijua itaugua kwanza na kuusambaza ugonjwa kwa mistari yote ya ndani, ili itakayobaki safi tuijue. Hapo ndipo penye uzito. Tuliukaribisha ugonjwa makusudi, tukauandalia kitanda, na hilo hasa ndilo wenyeji hawakutakiwa kulijua.

Shamba lilikuwa la Mama Namsifu, mjane mwenye mikono mikubwa na sauti ndogo, aliyetukodisha ngazi mbili za matuta ya mteremko wake chini ya migomba. Nami nilikaa kwake. Chumba changu kilikuwa kile cha magunia, chenye dirisha la ubao lisilofunga vizuri, na asubuhi ukungu uliingia ukakaa kwenye blanketi kama mgeni asiyejua kuaga. Alinitengea kona ya kuswalia, akaitandikia mkeka mpya, na alipoona natetemeka baada ya kutawadha akaanza kuniwekea maji ya moto kwenye birika bila kusema kitu. Siku ya kwanza alinipakulia sebuleni, kwenye sahani yenye maua, peke yangu, kama mgeni anavyopakuliwa. Siku ya pili Namsifu, binti yake, karibu rika langu, aliniita: "Mama anasema njoo huku, unakula na ukuta wa nini?" Nikaingia jikoni. Tulikula makande kutoka sahani moja, miguu yetu karibu na majivu, moshi ukitutoa machozi, na Mama Namsifu akanisukumia upande wenye maharage mengi. Mpaka leo sijui starehe inayozidi ile.

Masika yakaisha, baridi ikaingia, na mistari ya pembeni ikawa myekundu.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Elinami, jirani wa ngazi ya chini, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua hata siku zisizo na mvua. Naye alikuwa na ngano yake, kipande kidogo, mmoja wa wachache waliokataa kuiacha. Aliniita kutoka ng'ambo ya ukuta wa mawe.

"Bibi shamba. Hii ngano yako inaumwa nini?"

"Kutu, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Kutu naijua. Nauliza inaumwa nini mpaka ya kwangu nayo inaumwa."

Nilimjibu kwamba kutu huja na upepo. Ilikuwa kweli. Akatazama upande upepo unakotokea, ambao ulikuwa upande wangu, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo maneno yalianza kushuka na kupanda mlima. Nikienda kisimani, wanawake walinyamaza, halafu nikiwa nimegeuka na ndoo kichwani nikamsikia mmoja akisema, "Watu wanafuga mbuzi, yeye amefuga ugonjwa," na wengine wakacheka kwa pua. Mimi niliweza kuvumilia, mimi ningeondoka. Mama Namsifu hakuwa na pa kuondokea. Ilipofika siku ya msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji, pembe ilipigwa kama kawaida na yeye akatoka na jembe lake, na mpita njia mmoja akamwambia kwa upole kabisa kwamba safari hii watu wanatosha. Alirudi, akaliegemeza jembe ukutani, akawasha moto. Kule milimani kuchoka kwa msaragambo ni jambo la kila mtu kulalamikia. Kutoitwa ni jambo lisilosemeka. Usiku huo alipika ugali badala ya makande, na hakuna aliyeuliza kwa nini, kwa sababu maharage yalitaka mtu mwenye subira ya kuyakalia.

Na katikati ya wekundu ule wote kulikuwa na mstari mmoja. Ulikuwa wa mwisho kati ya ile ya ndani, karibu na ukingo wa ngazi, na mimea yake mingi ilikuwa imeugua kama mingine. Lakini kundi moja dogo lilisimama pamoja likiwa safi, bua la kijani likigeuka polepole kuwa rangi ya asali, masuke mazito yameinama kama watu wanaosikiliza. Nilipitisha kidole kwenye mabua yale kila asubuhi nikitegemea kuona unga mwekundu. Kidole kilitoka na umande. Nilipanda hadi kwenye jabali ambako simu ilishika mtandao nikampigia Daktari, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akikosa pumzi.

"Usiiguse," alisema. "Jumatatu nakuja na wanaotugharamia. Wanataka kufunga kazi ya huko, Zaina, wamechoka kusubiri. Waione ikiwa imesimama shambani, wasiione kwenye bahasha. Na mbegu nyingine ya uzao ule hatuna, unakumbuka? Yote iko ardhini."

Nilikumbuka. Yote ilikuwa ardhini, mkono mmoja ungeweza kuikumbatia.

Jumamosi jioni nilikuwa chumbani kwangu nikikunja nguo, na kupitia ukuta wa ubao nikamsikia Mama Namsifu akizungumza na binti yake jikoni. "Kesho ni Jumapili ya mavuno," alisema. "Kesho wataona shamba langu lina nini." Namsifu akauliza atapeleka ndizi zipi. Mama akasema, "Ndizi kila mtu anazo." Nikasikia, na sikusikia. Niliendelea kukunja nguo, nikiiwaza Jumatatu.

Asubuhi nilikwenda shambani kama siku zote. Ukungu ulikuwa mzito hata nikaufikia ule ukingo kabla ya kuuona. Kisha nikaona visiki. Vimekatwa chini, sawasawa, kwa mundu mkali na mkono usio na haraka. Mimea yote iliyougua ilikuwa imeachwa. Ni ile safi tu iliyochukuliwa, yote, hakuna hata suke moja lililosahauliwa, kwa sababu aliyekata alikuwa mtu makini na alichokuwa akikitafuta ni kitu kisicho na doa. Nilipiga magoti nikapapasa udongo nikitafuta punje. Nikawaza panya, nikawaza mwizi, nikamwaza Mzee Elinami. Halafu kengele ya kanisa ikalia juu ya mlima na nikaelewa. Malimbuko. Cha kwanza na kilicho bora ni cha Mungu, hupeleki masalia. Hakuna aliyemwambia kwamba ngano ile ni ya aina yoyote zaidi ya kuwa nzuri, na ilikuwa imeota kwenye udongo wake.

Nilijifunga mtandio na kupanda kanisani. Sikuwa nimewahi kuingia. Niliketi benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Mbele, chini ya madhabahu, kulikuwa na mikungu ya ndizi, viazi, tangawizi yenye udongo bado, jogoo aliyefungwa miguu, na juu ya vyote, wima, umefungwa kwa kamba ya mgomba, mganda wa ngano. Wangu. Waimbaji walipita mbele yake na masuke yakatikisika, na kila yalipotikisika nilihesabu punje zinazoweza kudondoka. Mama Namsifu aliketi mbele, mgongo umenyooka. Kwa miezi nilikuwa nimemwona akitembea kando ya njia kama anayeomba samahani kwa kupita. Sasa mchungaji alisimama, akaushika mganda, akasema, "Mwenzetu huyu mmesema mengi juu ya shamba lake. Haya, tazameni." Vichwa vikageuka. Nikamtazama Mama Namsifu, na nikajua kwamba siwezi kusimama. Kusimama kungekuwa kusema mbele ya watu wote kwamba alichomtolea Mungu hakikuwa chake.

Ikabaki mnada. Baada ya ibada, vitu vya mavuno huuzwa nje, uwanjani, na mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa mtu wa utani. "Ngano hii imelala kwa Mama Namsifu, imeamkia kanisani," alisema. "Nani anaanza?" Nikanyoosha mkono. Watu wakacheka, si kwa ubaya. "Hata jirani zetu wa msikitini leo wameguswa. Nani anampita?" Mama Namsifu aligeuka akaniona, na uso wake ukang'aa kwa shukrani ambayo sikuistahili.

"Mimi," alisema Mzee Elinami.

Nikapandisha bei. Akapandisha. Nikapandisha tena, nikitoa nauli yangu ya kushukia Same, kisha chakula cha wiki, kisha sikuwa na kitu cha kutoa ila sauti. Yeye aliitikia kila mara bila kunitazama, mikono ndani ya koti. Mnadi akaita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akampa mganda. Ni desturi pale kwamba anayenunua mara nyingi humnunulia mwingine, zawadi, kwa hiyo mnadi akauliza, "Baba, unampa nani? Mchungaji?"

"Nawapa kuku wangu," alisema. "Wasipokufa mpaka jioni, nitamwamini huyu mama."

Kicheko kilianza kikafa. Mama Namsifu alijivuta kanga mabegani, akaokota kapu lake tupu, akateremka peke yake.

Nilimfuata Mzee Elinami mpaka kwake. Nilitembea mbali nyuma yake, na alipoingia ndani nikasimama uani nikiwatazama kuku. Walikuwa wakichakura chini ya mgomba. Nilitafuta makapi ya ngano kati ya miguu yao. Mkewe akatokea mlangoni. "Hao hawajambo," alisema. "Ingia, baridi."

Jikoni mwao palikuwa na giza la moshi. Nilipozoea, nikaona uchaga juu ya meko, na kwenye uchaga mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake mawili mawili, meusi kwa masizi. Kando yake ulining'inia mganda. Nilikuwa nimekaa mlimani kiasi cha kujua kwamba pale juu hakiwekwi chakula. Pale huwekwa mbegu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kuwazika kuku?"

"Nimekuja kuomba ngano."

"Una shamba zima. Unaombaje huu mkono mmoja?" Hakungoja nijibu. "Keti. Mke wangu, mpe makande. Nitakuuliza kitu kimoja, binti, na ukinidanganya nitaitafuna hii mbele yako, punje kwa punje. Ule ugonjwa, mliuleta?"

Sahani ilikuwa mikononi mwangu na ilikuwa ya moto, na sikuiweka chini. Nilimsikia Daktari akisema wasijue. Nikaona watu wakishuka na mapanga kwenye shamba kabla ya Jumatatu, nikamwona Mama Namsifu amesimama mlangoni mwake. Nikaona pia, wazi kabisa, kwamba mtu huyu angejua. Alikuwa amenitazama kwa msimu mzima kutoka ng'ambo ya ukuta na alichokuwa amebakiza ni kusikia tu kama nitasema.

"Hatukuuleta," nilisema. "Ulikuwepo mlimani. Lakini ile mistari ya pembeni tuliipanda tukijua itaugua. Tulitaka iugue, tuone nini kitasimama."

"Na ya kwangu?"

"Sijui, baba. Huenda ingeugua hata hivyo. Huenda ni sisi."

Mkewe aliacha kukoroga. Mzee Elinami alitazama moto. "Na mwenye shamba anajua?"

"Hajui."

"Kwa hiyo tumemwacha nje ya msaragambo kwa jambo asilolijua." Alilisema si kwangu. Alizisukuma kuni ndani ya moto. Kisha akasimama, akaushusha mganda, akafungua kamba ya mgomba na kugawa mabua kwa vidole, suke kwako, suke kwangu, kama anayegawia watoto nyama. Nusu akairudisha kwenye uchaga. "Hiyo ni yangu, nimeilipia. Hii peleka Same. Na umwambie Mama Namsifu leo, jua halijazama. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na mimi sina maneno laini."

Nilimkuta jikoni akichambua maharage, bado ana gauni la kanisani. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Mikono yake haikusimama. Ilitenga mawe, ikatenga mawe, mpaka nilipomaliza.

"Ulikuwa unalala pale," alisema, akionyesha ukuta wa ubao kwa kidevu. "Siku ile nimerudi na jembe, ulinisikia."

"Ndiyo, mama."

"Na ukaja ukala."

"Ndiyo, mama."

Akamimina maharage sufuriani. Jioni Namsifu aliingia chumbani kwangu, macho chini, akasema chakula kiko tayari. Kilikuwa sebuleni. Kwenye sahani yenye maua, kimefunikwa vizuri, na maji ya kunawa pembeni, kila kitu cha heshima. Nilikula nikitazamana na ukuta. Kupitia mlango niliwasikia wao wawili wakila karibu na moto.

Jumatatu asubuhi pembe ililia. Daktari na wageni wake walikuwa wamefika muda mfupi tu, tumesimama kwenye visiki, naye ameshika nusu ya mganda na uso umempauka, akiniuliza kwa sauti ya chini, "Umewaambia?" nikisema, "Nimewaambia," wakati watu walipoanza kushuka kutoka kwenye ukungu na majembe begani. Mzee Elinami alikuwa mbele. Mmoja wa wageni alirudi nyuma mpaka akakanyaga mstari. Mzee Elinami hakututazama. Alipita mpaka mlangoni kwa Mama Namsifu akasema kwa sauti ya watu wote kusikia, "Mama Namsifu, msaragambo. Tunakungoja wewe." Mama Namsifu akatoka na jembe lake. Ndipo wakaingia shambani wakang'oa mistari ya pembeni, ile dhaifu, yote, na hakuna aliyegusa mstari wa ndani hata mmoja. Waliirundika wakaichoma, na moshi mzito ukapanda migombani. Mama Namsifu alifanya kazi pamoja nao. Aliimba hata. Alipopita karibu yangu alinikwepa kama mtu anavyokwepa jiwe.

Kazi ya Chome haikufungwa, lakini mimi nilihamishiwa Same, na mpaka siku ninaondoka nilikula sebuleni. Nusu yangu ilipandwa kwenye kituo chetu cha utafiti, ikapewa namba, ikachanganywa na nyingine, na iko mahali fulani ndani ya mbegu zinazouzwa kwenye mifuko. Ile ya kwenye uchaga ilipandwa kwenye kipande cha Mzee Elinami, kisha kwa jirani, kisha kwa jirani wa jirani. Nilisikia tu habari zake kwa watu. Wanaiita ngano ya kanisani, na ukiwauliza kwa nini, kila mmoja ana hadithi yake.

Tulimzika Mama Namsifu kwenye mvua nyembamba. Baada ya mazishi niliketi sebuleni pamoja na wageni wengine waliotoka mbali, na mtu akaniletea chai na maandazi yaliyokuwa na ule uzito na ule weusi kidogo wa ngano iliyosagwa nyumbani. Nilikuwa na andazi mkononi, sijaliuma, Namsifu alipotokea mlangoni. Amenenepa, mvi zimeanza, mikono imekuwa ya mama yake.

"Dada Zaina, unakula na ukuta wa nini?" alisema. "Njoo huku."

Jikoni moshi ulinitoa machozi mara moja, na sikuona aibu, kwa sababu pale kila mtu hutokwa na machozi. Wanawake walisogea wakanipa kigoda. Namsifu alinyoosha mkono juu ya meko, kati ya mahindi ya mbegu, akashusha mganda mdogo wa ngano uliofungwa kwa kamba ya mgomba, masuke yamekuwa meusi kwa masizi ya msimu huu.

"Huu ni wako," alisema. "Kila mwaka, akishatoa ya kanisani, alitenga huu. Ukifika msimu mwingine hujaja, anaupanda, anaweka mwingine. Nikamwambia, mama, si umpelekee tu? Akasema, yule anajua njia. Lakini mganda uwe tayari hapo juu, asije akahangaika tena mnadani."

Wanawake wakacheka. Nikacheka nao, nikaupakata mganda. Kisha mmoja wao akanisukumia sahani ya makande, upande wenye maharage mengi, nami nikasogeza miguu karibu na majivu nikaanza kula.